Mvuke ni Kitenzi

Fomu ya Ofisi ya Radhi inanitaka nieleze "kwa ufupi na kwa unyenyekevu" jinsi nilivyokosea. Unyenyekevu nimeutafuta tangu asubuhi, sijauona. Ufupi nitajaribu. Nimepewa kalamu moja, meza yenye mguu uliopungua, na askari wa kike anayefuma kitambaa cha kochi mlangoni na kunitazama kila anapomaliza mstari.

Jina la nchi yetu sitaliandika, na si kwa dharau. Sheria inataka litamkwe mtu akiwa amesimama, mkono wa kulia kifuani, nami naandika nimekaa.

Mimi ni Siwatu, msoma prufu katika Kiwanda cha Chapa cha Serikali. Nina stashahada ya Kiswahili, daraja la kwanza. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba uongo unachapwa bila makosa ya tahajia, na ninaifanya vizuri.

Yote yalianza Siku ya Kuadhimisha Maadhimisho. Mtukufu Rais alihutubia kwa saa nne na dakika kumi, na karibu na mwisho, watu walipokuwa wamechoka hata kupiga makofi kwa hofu, alisema maneno haya, ambayo ninayo kwa moyo kwa kuwa niliyasahihisha mwenyewe:

"Ndugu wananchi, tulikuwa upande ule wa kelele na matope. Mbele yetu kuna mto. Ng'ambo kuna weupe, kuna usafi. Msigeuke nyuma. Nawaagiza: mvuke!"

Mtu yeyote aliyenyonya lugha hii kwa mama yake anaelewa. Kuna mto, kuna ng'ambo, basi ninyi mvuke. Lakini Waziri wa Usafi na Utii alikuwa amesinzia tangu wimbo wa taifa. Aliamshwa na neno "usafi", akafumbua jicho kwenye "mvuke", akaandika yote mawili kiganjani. Saa tisa alasiri amri ikatoka: kila kaya inunue mashine ya mvuke ya kusafishia nyumba, na ndani ya siku arobaini pasionekane doa kwenye sakafu yoyote nchini.

Prufu ya amri ikaletwa mezani kwangu. Nikaandika pembeni kwa penseli: "Mvuke hapa ni kitenzi. M- ni ninyi, -vuk- ni mzizi, -e ni ya kuagiza. Si hewa ya birika."

Mkuu wangu, Bi Ruzuna, alisoma, akavua miwani.

"Siwatu mdogo wangu, una watoto?"

"Sina, dada."

"Una mama?"

"Ninaye."

"Basi futa."

Nikafuta. Lakini mimi huandika kwa kukandamiza, na karatasi ya serikali ni nyembamba. Maneno yalifutika, mitaro yake ikabaki.

Inasemekana asubuhi iliyofuata Mtukufu mwenyewe alikuta mashine ya mvuke imewekwa ukumbini kwake, imefungwa utepe. Akauliza ni nini. Akaambiwa ni agizo lake. Akaizunguka mara moja, akasema, "Najua." Tangu hapo ikawa kweli.

*

Sasa nieleze kuhusu doa letu.

Liko mlangoni pa chumba cha kaka yangu Shaweji, kwenye sakafu ya sementi, kubwa kama sinia. Ni doa la damu yake. Shaweji alikuwa fundi friji. Kosa lake lilikuwa kuuliza, kwenye mkutano wa mtaa, maji yatatoka lini. Lile lilikuwa Juma la Utulivu, ambamo serikali ilitutuliza nyumba kwa nyumba. Wanaume watatu waliingia Jumanne saa sita mchana, mama akiwa anachambua mchele. Walipotoka walikuwa wanne, na wa nne alikuwa anaburutwa.

Tulipokwenda kuuliza kituoni tulionyeshwa daftari nene lenye kichwa: Orodha ya Waliovuka Mpaka kwa Hiari. Shaweji alikuwa ukurasa wa tano.

"Kavuka kwa miguu yake," alisema ofisa.

"Viatu vyake vyote viko nyumbani, baba," mama akasema.

"Basi kavuka pekupeku. Vijana wa siku hizi hawasikii."

Aliyevuka hafai kuhesabiwa, kwa hiyo wakamfuta katika daftari la kaya. Na kwa kuwa mtu hawezi kuitwa kwa jina la mtoto asiyekuwepo, wakambadilisha mama naye jina. Miaka ishirini na sita alikuwa Mama Shaweji sokoni, msibani, harusini. Kitambulisho kipya kinasema Mama Siwatu. Mimi sikatai mama yangu aitwe kwa jina langu, lakini mimi ni wa pili. Jirani yetu aliyezoea kumwita jina la zamani alitozwa faini, sasa anamwita "Mama Nanihii", na wote wawili hutazama chini.

Tangu Jumanne ile mama hajagusisha maji pale mlangoni. Hufagia akafika, akaruka, akaendelea ng'ambo. Hakuna kaburi, hakuna cheti, hakuna jina. Kuna lile doa.

Jioni ya amri aliisikiliza redio mpaka mwisho.

"Wanataka mvuke," alisema.

"Ni kosa, mama. Alimaanisha tuvuke."

"Yote ni mamoja. Mwanangu wamesema kavuka, na mimi wanataka nivuke. Nani atabaki upande huu amngojee?" Akazima redio. "Doa hilo halitoki, Siwatu. Fanya unavyojua."

*

Mwananchi mtiifu mwenye kipato cha chini akitaka kununua mashine ya mvuke anatakiwa kusoma kijitabu cha wizara, Chagua Vyema, ambacho nilisahihisha mwenyewe. Kinashauri mnunuzi aangalie mambo manne: ukubwa wa tangi, joto la mvuke, urefu wa waya, na uzalendo wa muuzaji. Hakielezi mtu atie maji gani kwenye tangi na achomeke wapi waya, kwa sababu katika mtaa wetu maji na umeme havijawahi kukutana siku moja. Wizara ililitambua hilo, ikapanga ratiba. Kila mtaa ulipewa siku yake ya Mkutano wa Maji na Umeme, na siku hiyo ndiyo ya ukaguzi.

Nilikwenda kwa Bwana Kilindo, anayeuza vyombo vya umeme nyuma ya stendi ya zamani. Duka lilijaa. Alikuwa amepanga mashine tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya mkononi, ya plastiki, ndogo kama birika la chai. Ya pili ilikuwa na mtungi wa bati, mpira na brashi. Ya tatu ilikuwa na magurudumu, taa mbili na bei ya ng'ombe.

"Karibu dada. Hii ya magurudumu inatoa kila kitu. Mafuta, wino, kutu, ukoko wa ugali wa mwaka juzi."

"Na hiyo ya mkononi?"

Akashusha sauti ya biashara. "Hiyo nisikudanganye. Hiyo inatema mate tu. Mvuke wake hauchemshi hata jani la chai."

"Haitoi doa?"

"Haitoi."

"Nifungie hiyo."

Akanitazama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akajifanya anafuta vumbi kwenye boksi. "Wewe ni wa saba leo," alisema bila kunyanyua midomo. "Wote wanauliza isiyotoa. Nimeagiza nyingine kontena zima." Kisha kwa sauti ya duka zima: "Chaguo la kizalendo hilo, dada! Tangi la nusu lita! Waranti mwezi mmoja!"

Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Pesa iliyobaki ilitosha sabuni na nyanya.

Mama aliitoa kwenye boksi, akaigeuzageuza kama mtu anayekagua samaki. Umeme ulikuwepo, maji hayakuwepo. Tukatia ya kunywa. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikatema. Mama akaweka kiganja chake mbele ya mdomo wa mashine.

"Hii ni vuguvugu," alisema.

"Ndiyo, mama. Ni mbovu. Ndiyo maana nimeinunua."

Akaichomoa kwenye soketi haraka, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Wewe na hiyo stashahada yako, hukufundishwa kufua?"

"Mama?"

"Miaka ishirini nimefua mashuka ya wodi ya wazazi. Mashuka mangapi ya damu yamepita mikononi mwangu? Damu hufuliwa kwa maji baridi na chumvi. Ya vuguvugu nayo inatoka, polepole lakini inatoka. Ila ukileta maji ya moto," akapiga kiganja juu ya kiganja, "umeipika. Imeshika. Hilo shuka litupe, au liite la rangi hiyo mpaka kufa kwako. Muuguzi mgeni akichemsha mashuka tulikuwa tunalia wote."

Tukatazamana. Kisha mama yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu Juma la Utulivu, akacheka, na sikufurahi kukisikia kicheko hicho.

"Hao wanaume wizarani," alisema, "hakuna hata mmoja aliyewahi kufua shuka?"

"Hakuna, mama."

"Basi rudisha hii. Niletee yenye moto kuliko zote utakazozimudu."

Ile ya magurudumu hatukuweza hata kuiota. Nilibeba redio yetu, ile iliyotuletea hotuba, nikampa Bwana Kilindo pamoja na mashine ya mkononi, achukue vyote anipe ya mtungi wa bati. Alishangaa.

"Hii inachoma, dada. Nyuzi mia moja na arobaini. Wateja wote wananirudishia hii wachukue ile ya mate."

"Kaka Kilindo, mkeo yupo?"

"Yupo."

"Kamuulize damu inafuliwa kwa maji gani."

Aliingia nyuma ya pazia. Nilisikia sauti ya mwanamke ikijibu, kwanza kwa kuudhika, kisha kimya, kisha tena kwa sauti ya chini. Aliporudi alinifungia mashine ya mtungi, akaongeza brashi ya bure, na nilipokuwa natoka nilimsikia akimwambia mteja wa nyuma yangu, mama mmoja mwenye ushungi wa bluu, "Hapana, mama yangu. Hii ndogo usichukue. Chukua ya moto."

Wiki ile, nimeambiwa, mashine za mate zilirudishwa dukani kwa mafungu.

*

Mkaguzi wa Mtaa, Bwana Magohe, alifika siku yetu ya Mkutano wa Maji na Umeme akiwa na suti ya kahawia, filimbi shingoni na karani wake, Mzee Tenga, mtu mzima mwenye mabuku chini ya kwapa na kikohozi cha vumbi.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba," alijibu Mzee Tenga. Bwana Magohe hakujibu, kwa sababu alikuwa tayari anapuliza filimbi.

Akasoma utangulizi. "Kwa jina la usafi uliotukuka na utii usio na mipaka, sisi tuliokasimiwa jukumu zito la kuifikisha sakafu ya taifa katika upeo wa ung'avu, tunaingia nyumba hii kwa ridhaa ya wenyewe, na pasipo ridhaa pia." Akakunja karatasi. "Doa liko wapi?"

Mama akaonyesha. Alikuwa amevaa kanga mpya.

"Lakini hili kubwa!" alisema Bwana Magohe. "La nini?"

Mzee Tenga alifungua fomu na kusoma: "Chagua moja. Mafuta. Chai. Matope. Wino. Mengineyo."

"Andika matope."

Mzee Tenga alilitazama doa kwa muda mrefu. "Andika matope," alirudia Bwana Magohe.

"Tulisafishe kwanza, mkuu," alisema Mzee Tenga. "Likitoka, hakuna haja ya kuandika."

Basi mama mwenyewe akajaza tangi na kuchomeka waya. Mashine ikachemka kwa dakika nne, ikapiga mluzi, na mvuke mweupe ukatoka kwenye brashi kama pumzi ya kitu kilichokasirika. Bwana Magohe akaishika mwenyewe, kwa kuwa mpiga picha wa mtaa alikuwa dirishani. Akaelekeza mvuke kwenye doa.

Kwa kitambo kidogo sementi ilitota na doa likawa jekundu. Jekundu kabisa, kana kwamba ni Jumanne. Harufu ikapanda. Mpiga picha akashusha kamera. Mama alishika fremu ya mlango, nami nikadhani tumekosea, kwamba litaondoka mbele ya macho yetu, na ningekuwa mimi niliyelipia. Kisha wekundu ukaanza kuwa kahawia, kahawia ikawa nyeusi, na nyeusi ikatulia.

"Ongeza moto," alisema Bwana Magohe.

Mama akaongeza moto.

"Ongeza tena!"

Kadiri alivyopuliza ndivyo lilivyoshika. Kingo ambazo zilikuwa zimeanza kufifia zilijichora upya. Mpaka maji yanaisha kwenye tangi, sakafu yote ya pembeni ilikuwa safi, imeng'aa, na katikati doa lilikaa kama lililopigwa muhuri.

Mzee Tenga alikohoa. "Mkuu, mke wangu huwa anatumia maji baridi na chumvi."



"Maji baridi?" Bwana Magohe aligeuka, jasho likimtiririka kwenye tai. "Mtukufu amesema nini?"

"Amesema mvuke."

"Alisema maji baridi?"

"Hakusema."

"Alisema chumvi?"

"Hakusema, mkuu."

"Basi unataka nimpinge Mtukufu ndani ya nyumba ya watu? Kwa chumvi?"

Mzee Tenga aliinamisha kichwa, na alipokuwa ameinama macho yetu yakakutana. Sijui mpaka leo kama mzee yule alitaka kutuangamiza au alitaka maji baridi yapigwe marufuku kwa kauli ya mkaguzi, mbele ya mashahidi. Ninachojua ni kwamba yalipigwa marufuku.

"Jaza fomu tuondoke," alisema Bwana Magohe, akienda dirishani kutafuta hewa. "Andika halikutoka. Andika aina, andika jina la doa."

Kwa kweli fomu ilisema "jina la doa". Nilikosoa neno hilo kwenye prufu, nikaandika pembeni "aina, si jina". Hawakunisikiliza, na sikumbuki kosa lingine la serikali nililowahi kulishukuru.

Mzee Tenga akaweka karatasi tatu, nyeupe, ya njano na ya waridi, akapachika karboni katikati.

"Mama, doa hili linaitwaje?"

"Shaweji," alisema mama.

Kalamu haikusita. Mzee Tenga aliandika kwa mwandiko wa zamani wa shule za misheni, herufi zenye mikia, akikandamiza ili zifike nakala ya tatu. *Jina la doa: Shaweji. Hali: halikutoka. Njia iliyotumika: mvuke, kwa amri ya Mtukufu.* Akazipeleka fomu dirishani. Bwana Magohe alisaini bila kusoma, maana watu wa cheo chake hawasomi wanachosaini, akapiga muhuri mara tatu.

"Nakala ya waridi ni ya kaya," alisema Mzee Tenga, akimkabidhi mama kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyokabidhi rambirambi. Kisha, akipita mlangoni, kwa sauti ambayo Bwana Magohe angeweza kuisikia kama angekuwa mtu wa kusikia: "Kwaheri, Mama Shaweji."

Hajarudi kazini tangu siku ile. Kwenye daftari la waajiriwa wameandika kwamba amevuka.

*

Kilichofuata sitakisimulia kwa ushabiki, kwa sababu askari anayefuma ameshafika nusu ya kitambaa na anasoma begani mwangu. Katika mitaa iliyopuliziwa mvuke wa moto madoa yalishika. Wakaguzi waliandika majina waliyotajiwa, kwa kuwa fomu iliuliza jina. Wizara ilipojumlisha ripoti ya ushindi, ilijikuta na orodha ya watu, iliyopigwa muhuri na watumishi wake wenyewe, nyumba kwa nyumba, karibu sawa na ile ya Waliovuka kwa Hiari. Tofauti ni kwamba hii ilionyesha mtu alipoishia.

Hawawezi kuzichoma fomu. Zina jina la Mtukufu, na kuchoma jina la Mtukufu ni kifungo. Isipokuwa kaya yenyewe ikiri kwamba ilipotosha wakaguzi na kuomba radhi. Hapo fomu inahesabiwa haikujazwa, na nakala zote, hata ya waridi, zinarudishwa.

Wametafuta wa kuanza, ili wengine wafuate. Wakakumbuka prufu yenye mitaro ya penseli. Bi Lulua, Afisa Radhi, alinipokea jana kwa chai.

"Siwatu mwanangu, nani anakuchukia hapa? Neno moja tu. Sema ulikosea kuhusu kitenzi, sema mama yako alitaja jina kwa kuchanganyikiwa, uende nyumbani."

"Na ile karatasi ya waridi?"

"Utatuletea."

"Ameitundika ukutani, Bi Lulua. Ameiwekea fremu. Majirani wanaingia, wanaisoma, wanamsalimia kwa jina lake."

"Ndiyo maana," alisema Bi Lulua kwa upole, akanisogezea sukari.

Nilikuwa nafikiria kwamba mama hajui kusoma vizuri, na kila asubuhi huweka kidole chake juu ya lile neno moja analolijua.

Nimeeleza nilivyokosea. Nilinunua mashine ya bei ndogo, nikairudisha, nikanunua ya moto niliyoimudu, nikaitumia kama serikali ilivyoagiza. Ukaguzi wangu wa lugha ninausimamia. Mvuke ni kitenzi, nasi hatukuvuka.

Imebaki sehemu ya mwisho ya fomu, mstari uliokwisha chapwa, unaosema: *Mimi ____ naomba radhi.* Mimi ni msoma prufu, na siwezi kupitisha karatasi yenye makosa. Nimeweka jina langu kwenye nafasi, kisha nimefanya masahihisho mawili, kwa wino safari hii. Mwanzoni mwa kitenzi nimefuta *na-* nikaweka *si-*. Mwishoni nimefuta *-a* nikaweka *-i*.

Someni ilivyo sasa: Mimi Siwatu, binti wa Mama Shaweji, siombi radhi.